Shibe ya Ukuvu

Maji ya Ziwa Naivasha yaliuvamia mtaa wa Kihoto mwaka wa 2020, yakarejea tena mwaka wa 2025. Wakazi walihama na kile walichoweza kubeba. Mama mmoja muuza mitumba aliliacha robota la jinzi juu ya meza; maji yakaifikia meza. Alipolifungua majuma kadhaa baadaye, alilakiwa na uvundo na madoa ya ukuvu. Kitambaa kiliraruka vidoleni kama karatasi. Karo ya muhula mzima ilikuwa imeliwa.

Ililiwaje na kiumbe kisicho na kinywa wala meno? Jinzi ni pamba, na pamba ni selulosi: mnyororo mrefu wa sukari iitwayo glukosi. Ukuvu hauwezi kuumeza mnyororo huo. Hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, navyo huukata vipande vipande hadi sukari iweze kufyonzwa. Hata hivyo, vimeng'enya ni protini, na kuviunda ni gharama. Ndiposa ukuvu haukurupuki. Glukosi ikiwa tele, jeni za vimeng'enya hivyo hufungwa. Ikipungua, kufuli hulegea. Na vijipande vya sukari vitokavyo katika selulosi huwa wajumbe, vikiuarifu ukuvu kuwa chakula kigumu kipo, kazi ianze.

Wahenga walinena kuwa shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Kwa ukuvu, nusu ya kwanza ni kweli. Ya pili huenda kinyume, kwani njaa ndiyo huuamsha.

Siri hii ilianza kutafutwa katika uharibifu kama ule wa Kihoto. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, hema na nguo za pamba za wanajeshi wa Marekani zilioza katika visiwa vya Pasifiki. Ukuvu uliopatikana katika Visiwa vya Solomon, ambao leo huitwa Trichoderma reesei, ukaja kuwa mtumishi mkuu wa viwanda vya vimeng'enya. Walioukuza walijifunza kutoushibisha glukosi, wasije wakauzuia kufanya kazi.

Vimeng'enya vya jamii hiyo ndivyo hutumiwa kuipausha jinzi mpya ionekane kuukuu. Vingine vilitokana na vijiumbe vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa lenyewe, vilivyochukuliwa mwaka wa 1992. Mwaka wa 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilidai sehemu ya faida kutoka kwa kampuni ya Genencor ya Marekani, likisema kuwa halikutoa ruhusa. Huenda basi jinzi iliyopaushwa kwa vimeng'enya hivyo imewahi kurejea bondeni humo ikiwa mtumba, ikauzwa nyumbani kwa vijiumbe vilivyoipausha.

Ukuvu unaopewa sukari tayari huacha kuunda vimeng'enya vyake. Je, taifa linaloletewa nguo tayari? Swali hilo linawastahili wasomi, lakini mama wa Kihoto hakuwa na nafasi ya kulijadili. Alizitenga jinzi zilizosalimika, nane kwa jumla, akazifua, akazianika juani. Hakuhitaji kufunzwa na yeyote kwamba ukuvu hauli kilichokauka.