Kihispania cha Wapi?

Ukikutana na mtu anayejigamba kwamba anajua Kihispania, muulize kwanza: cha wapi? Mimi swali hilo lilinijia nikiwa tayari nimefika Granada, kusini mwa Uhispania, kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Nilikuwa nimekisoma miaka miwili hapa nyumbani kwa kitabu na kanda za watu wa Madrid, kila herufi imekaa mahali pake. Nilijiamini, na sababu nilikuwa nazo. Irabu tano za Kihispania ni zile zile tano zetu. Ile z yao ya Madrid, inayotamkwa kama th ya "thelathini", mtoto wa Mombasa haimsumbui hata kidogo.

Sasa shuka mjini Granada. "Cansado", yaani mtu aliyechoka, mtaani ni "cansao". "Pescado", samaki, ni "pescao". J, ambayo kanda zangu ziliitamka kwa kukwaruza koo kama kh, sehemu nyingi za Andalusia ni h laini ya "hapa". Na s ya mwisho wa neno, jamani, haipo! Kumbuka kwamba Kihispania huonyesha wingi kwa hiyo hiyo s. "La casa" ni nyumba moja, "las casas" ni nyumba nyingi. Ukiiondoa s, mpangaji atajuaje anaonyeshwa nyumba ngapi?

Mhadhiri wa isimu ndiye aliyetufungulia fumbo hilo. Katika Granada na upande wa mashariki wa Andalusia, s ikiondoka, irabu hufunguka. Mdomo hupanuka zaidi kidogo, na kule kupanuka ndiko kunakobeba wingi. Tena si irabu ya mwisho peke yake. Hata zile zilizotangulia ndani ya neno huweza kuifuata. Kwa hiyo "casa" na "casas" bado ni maneno mawili tofauti, ila tofauti imehama kutoka kwenye s ikaingia kwenye irabu. Baada ya kujua pa kutegea sikio, haikupita mwezi nikawa nasikia wingi bila kufikiri. Kumbe kile ambacho baadhi ya watu wa kaskazini hukiita uvivu wa ulimi kina kanuni zake, tena kali.

Halafu kuna ile z niliyojivunia. Madrid, "casa" ni nyumba na "caza" ni uwindaji, na ukizitamka zinatofautiana. Sevilla mjini wengi hutamka zote mbili kwa s. Ukienda vijiji fulani vya kusini, zote mbili ni th. Visiwa vya Kanari ni s, na Amerika yote inayozungumza Kihispania ni s vilevile. Hili lina historia. Mwaka 1503 ufalme ulifungua Sevilla ofisi ya kusimamia safari na biashara ya Amerika, Casa de Contratación, na mwaka 1717 ikahamishiwa Cádiz. Miji yote miwili iko Andalusia. Kwa zaidi ya miaka mia mbili, waliovuka bahari walipitia huko, na wengi wao walikuwa wenyeji wa huko. Lafudhi ikapanda meli pamoja nao. Leo wazungumzaji wengi wa Kihispania duniani hawana ile th ya kwenye kanda zangu.

Nyumba niliyopanga ilikuwa darasa la pili. Tulikuwa wanne: mimi, binti wa Cádiz, kijana wa Mexico na mwingine wa Buenos Aires. Yule wa Buenos Aires hakusema "tú tienes" kama sisi. Kwake ni "vos tenés", na jina lake la mtaa, "calle", alilitamka kwa sh katikati. Kitenzi "coger", ambacho Granada ndicho cha kupanda basi kila asubuhi, kwa hao wawili wa Amerika ni tusi la chumbani. Walicheka mpaka machozi kila nikisema nakwenda kupanda basi. "Guagua" Visiwa vya Kanari ni basi, Chile ni mtoto mchanga. Nikawaambia hayo kwetu yapo: nikimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba nina hamu na nyanya, atanielekeza sokoni, hali mimi namtaka mama yake mama.

Lakini si kila siku ilikuwa kicheko. Jioni moja yule binti wa Cádiz alikaa nami jikoni na karatasi mkononi. Alikuwa na mahojiano ya kazi Madrid wiki iliyofuata, akaniomba nimsikilize, na kila akidondosha s nimsimamishe. Mimi! Mtu wa miaka miwili ya Kihispania, nimsimamishe mwenye lugha yake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mahojiano yaliyopita, kwenye kampuni moja ya kaskazini, mmoja wa waliomhoji alitabasamu tangu salamu na mwishoni akamwambia anachekesha. Hakuwa amesema la kuchekesha. Ni kwamba kwa miaka mingi filamu na vichekesho vya Uhispania vimempa lafudhi ya Andalusia mjakazi na mzaha, basi mtu akiifungua midomo hivyo, wengine hungoja kicheko.

Nilimsikiliza, lakini sikumsimamisha. Nilimwambia habari za nyanya yangu wa Mji wa Kale, ambaye njia ni "ndia", nchi ni "nti" na macho ni "mato". Ni Kimvita, lugha ya mashairi ya Muyaka. Mwaka 1928 mkutano wa kuchagua Kiswahili cha shule za Afrika Mashariki ulifanyika pale pale Mombasa, ukachagua Kiunguja, na mwaka 1930 kamati ikaundwa ya kukisanifu. Kiunguja hakikushinda kwa sababu nyanya yangu anakosea. Kilichaguliwa, basi. Nami naandika makala hii kwa hicho kilichochaguliwa na nafurahi kukijua, ila nikipiga simu nyumbani natumia kingine.

Kisha nikamkumbusha jambo analolijua kuliko mimi: kitabu cha sarufi ya Kikastilia cha mwaka 1492, cha kwanza kuchapishwa, kiliandikwa na Antonio de Nebrija, mzaliwa wa Lebrija, upande wa Sevilla. Yaani aliyewaandikia kanuni alitoka kusini. Akacheka, akaikunja karatasi, na siku ilipofika akaenda Madrid. Anasema nusu ya mahojiano alizishika s zake, nusu nyingine zikamponyoka. Kazi aliipata. Mpaka leo hajui kama ni kwa zile alizozishika au kwa sababu kazi yenyewe anaiweza.

Mimi nami nilikuwa na mtihani wangu, DELE, unaotolewa na Instituto Cervantes. Rafiki mmoja wa darasani alinishauri nirudie sauti ya kanda kabla ya sehemu ya kuzungumza. Nikasoma masharti: mtihani unakubali Kihispania cha eneo lolote, mradi ni cha wazungumzaji waliosoma na mtahiniwa awe na msimamo mmoja, asirukeruke. Nikaingia na irabu zangu za Granada, nikafaulu.

Kwa hiyo wewe unayesubiri barua ya kubadilishana wanafunzi, ushauri wangu ni huu. Zoeza masikio kwa lafudhi nyingi, ulimi uupe moja, ile ya watu unaoishi nao. Usimwambie mtu wa Sevilla kwamba anakula herufi, hajala kitu. Na kabla hujasafiri, yapo mazoezi ya bure hapa hapa chuoni. Kwenye baraza letu la wanafunzi, mwenzetu akisimama kuuliza kuhusu ada au hosteli, watu huanza kuiga lafudhi yake kabla hajafika kwenye swali. Kikao kijacho, tumwache amalize.