Jiko la Ukutani

Ukimtajia mtu wa Tanga neno rejeta, mawazo yake yatakwenda moja kwa moja kwenye lori lililokwama Segera, boneti wazi, mvuke unafuka, utingo anakimbia na kidumu cha maji. Rejeta ni ya gari. Ndivyo nilivyojua mie tangu utoto mpaka namaliza kidato cha nne. Nilipofika Leicester, Uingereza, kwa mjomba wangu ambaye ni fundi bomba, nikakuta kila chumba kina rejeta yake: chombo bapa cha chuma kilichopachikwa ukutani, mara nyingi chini ya dirisha, ndani yake yanapita maji ya moto kutoka kwenye boila. Gari linatumia rejeta kupoza injini, Mwingereza anaitumia kupasha miguu yake. Jina moja, haja mbili.

Ndugu msomaji, naandika habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni riwaya yangu. Ilikuwa imekwama ukurasa wa 41. Mhusika wangu, kijana wa Kiswahili aliyehamia huko, anaingia chumbani usiku wa Januari, anaegemeza mgongo kwenye... kwenye nini? Nikiandika rejeta, msomaji wangu wa Pangani atadhani kijana amelala gereji. Ya pili ni mjomba mwenyewe. Alitaka nimpe jibu kabla ya Septemba: niingie chuo nisomee ufundi bomba, au niendelee kumbebea ndoo “huku unaota vitabu.” Hayo ni maneno yake.

Basi tuanze na kazi yenyewe. Watu hudhani kubadilisha rejeta ni kung'oa ya zamani na kupachika mpya. Ingekuwa hivyo, mjomba angekula nini? Shida iko kwenye vipimo. Rejeta za zamani za Uingereza zilipimwa kwa inchi, za siku hizi zinapimwa kwa milimita. Ya inchi 48 ina urefu wa milimita 1219. Dukani utapata ya milimita 1200. Ukizitazama kwa macho ni baba mmoja mama mmoja. Lakini mabomba mawili yanayochomoza sakafuni, la kuleta maji ya moto na la kuyarudisha, yalipangwa kwa ajili ya ile ya zamani. Tofauti ni milimita 19, upana wa kidole gumba. Kidole gumba hicho ndicho kinachoweza kula siku nzima.

Fundi mvivu hulivuta bomba kwa nguvu mpaka lifike. Litafika kweli, halafu siku moja kiungo kitaanza kulia machozi, tone kwa tone, chini ya zulia ambako hakuna anayeona mpaka ubao umeoza. Mjomba ana kanuni yake: upande mmoja uache palepale ulipo, sogeza upande mmoja tu. Pengo likiwa dogo, kuna vipande vya kurefushia vinavyoingia kati ya koki na rejeta. Likiwa kubwa, unafunua ubao wa sakafu, unakata bomba, unaunga kipande kwa elbo mbili. Sakafu ikiwa ya zege, Mungu akusaidie.

Na mabomba nayo yana umri wake. Kabla ya miaka ya 1970 bomba la shaba nalo lilikuwa la inchi. Lile la nusu inchi linakubali kiungo cha kubana cha milimita 15 bila ugomvi. Lile la robo tatu ya inchi halikubali hivi hivi kiungo cha milimita 22. Lazima utafute kiungo maalumu, upande mmoja kimechongwa kwa inchi, upande wa pili kwa milimita. Mjomba hukiita mshenga.

Mwezi Februari tuliitwa kwa bibi mmoja mjane, mwenye asili ya Kihindi. Tuliingia na vyombo vyetu tukizungumza wenyewe kwa wenyewe. Mjomba akaniambia, “Hebu lete ndoo.” Nyuma yetu sauti ikasema, “Ndoo iko hapa, chukua hii ya jikoni.”

Tukageuka. Mjomba akamwamkia shikamoo. Bibi akacheka: “Hiyo ya Tanganyika. Sisi Jinja tulisema jambo tu.”

Kumbe alizaliwa Uganda. Alikuwa miongoni mwa Waasia ambao Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke nchini mwaka 1972. Mwaka huohuo baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, kuwaomba watu hao wasije, eti mji umejaa. Wakaja. Mume wake akapata kazi kiwanda cha soksi, yeye akashona nguo nyumbani. “Mwaka wa kwanza tulilala na makoti,” alisema. “Pesa ilipopatikana, kwanza chakula ya watoto, halafu jiko ya ukuta, halafu ndio kitanda.”

Jiko ya ukuta! Nilitoa daftari palepale, mikono michafu vilevile.

Rejeta ya sebuleni, iliyowekwa na marehemu, ilikuwa imeoza upande wa chini na kuvuja. Tulizima boila, tukangoja maji yapoe, mjomba akafunga kielea cha tangi dogo la darini ili maji mapya yasiingie. Tukaunga mpira kwenye koki ya chini kabisa, tukautoa nje, kisha mie nikapanda juu kufungua skrubu za hewa, maana bila hewa kuingia maji hayashuki. Yakatoka meusi kama wino. Weusi ule ni chuma chenyewe: maji yanakila kutoka ndani, na ungaunga wake unatuama chini. Ndiyo maana rejeta kongwe huwa ya moto juu na baridi chini. Ikiwa baridi juu na moto chini, hiyo ni hewa tu, dawa yake kufungua skrubu kidogo.

Tulipoanza kulegeza nati, bibi akaweka mkono juu ya rejeta. “Hii alichagua bwana yangu,” alisema. “Watoto walikausha sare ya shule hapa.”

Mjomba ni mtu wa haraka, kila saa kwake ina bei yake. Siku ile aliweka spana chini, akasema, “Bibi, tutaitoa polepole. Hatutaivunja.” Tukaiziba matundu, tukaibeba mdomo juu isije ikamwaga uchafu kwenye zulia. Bibi alitufuata mpaka uani.

Aliporudi ndani alikuwa na ufunguo mdogo wa shaba, wa kutolea hewa, ambao marehemu alikuwa akiutundika jikoni. Akauliza kama sasa autupe. Mjomba akauchukua, akaujaribu kwenye rejeta mpya. Ukaingia sawasawa. Vipimo vyote vimebadilika nyumba ile, lakini ufunguo wa marehemu bado unafungua. Bibi hakusema neno. Akaurudisha kwenye msumari wake.

Baada ya kujaza maji tulitia dawa ya kuzuia kutu, tukatoa hewa tukianzia rejeta za chini, na kila kiungo nikakipangusa kwa karatasi laini, maana karatasi huona unyevu kabla ya jicho. Ikabaki kusawazisha. Maji nayo kama binadamu hupenda njia rahisi. Rejeta iliyo jirani na boila itajinywea moto wote, na ile ya chumba cha mwisho, ambako mara nyingi hulala mtoto au mgeni, itabaki baridi. Kwa hiyo ile ya karibu unaibana koki, ya mbali unaiachia, mpaka kila chumba kipate haki yake. Nilimfikiria mama Tanga na wadogo zangu. Sisi tulio huku tuko jirani na boila. Bila kubana koki zetu wenyewe, moto haufiki kule.

Boila yenyewe siruhusiwi kuigusa. Sheria ya huko inataka fundi aliyeandikishwa Gas Safe, daftari lililochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Mjomba ameandikishwa, mie sijasoma. Hapo ndipo swali lake linaponichoma. Asiye na cheti atabeba ndoo mpaka mvi zimtoke, na pesa ya ndoo haisomeshi mdogo wangu wa kidato cha pili.

Tukiwa garini nilimpa jibu. Nilimwambia nitaingia chuo Septemba, lakini saa mbili za usiku za daftari langu asiziguse.

Akanyamaza mpaka taa za barabarani zilipobadilika. Kisha akasema, “Sawa, mpwa wangu. Sogeza upande mmoja tu.”

Vijana wenzangu, tunalalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuelezea maisha yetu mapya, halafu tunajifungia chumbani kuyatunga. Maneno yako kwenye kazi na kwa watu wanaoifanya. Mshenga nimempata chini ya sakafu, jiko la ukutani nimelipata kwa bibi wa Jinja ambaye hakusoma sarufi. Wewe unayeuza chipsi, unayeshona viatu, unayesukuma mkokoteni pale Mgandini, andika majina ya vyombo vyako na namna vinavyogoma. Mhusika wangu sasa ameegemea jiko la ukutani, mgongo umeanza kupata joto, na mie nimefika ukurasa wa 58.