Mwambie Kabla ya Posa

Mjukuu wangu,

Mama yako mdogo amenieleza kwamba mlichangia damu kazini kwenu, kisha ukaitwa faragha ukaambiwa una virusi vya homa ya ini aina ya B. Amenieleza pia kuwa yuko binti unayempenda na unataka tupeleke posa kwao. Nimekuwa mkunga sehemu kubwa ya umri wangu. Sasa macho yamefifia na pumzi ni ya kuazima, kwa hiyo hili nakuachia kwa maandishi, ulisome hata nikiwa sipo: mwambie. Mwambie sasa, barua ya posa haijaandikwa na ninyi hamjajuana kimwili.

Lakini kwanza ujielewe wewe. Ulizaliwa kabla chanjo hii haijaingia kwenye ratiba ya watoto wetu, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kati ya watoto wachanga 100 wanaoambukizwa, karibu 90 hubaki na virusi maisha yao yote. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda. Yamkini basi umeishi navyo tangu hujajua kutembea. Usimtafute wa kumlaumu, na mama yako usimguse kwa neno. Duniani wako zaidi ya watu milioni 250 wenye hali kama yako, wengi wao hawajawahi kupimwa.

Siku moja kliniki ya wajawazito alikuja binti, mimba changa, akapimwa akakutwa na virusi hivi. Tukamwita mumewe. Yule bwana akainamisha kichwa, akasema yeye alikuwa anajua. Hakuna aliyeweza kusema nani alimwambukiza nani. Huenda yule mke alikuwa navyo tangu utotoni, kama wewe. Wala hakuuliza hilo. Alikuwa ameshika kadi yake ya kliniki, akiikunja pembe na kuikunjua, akauliza, "Tangu lini?" Mume akataja mwaka, nao ulikuwa kabla ya harusi yao. Sikusikia tena sauti ya yule binti siku ile. Mimba aliibeba vizuri, na mtoto alichanjwa. Kati yao wawili sikujua la kuwapa.

Wauguzi wenzangu walipenda kuwatisha watu kwa methali ya mficha maradhi. Mimi sikuipenda, maana aliyetishwa huzidi kuficha. Sisi wakunga tuna yetu, tukiwaambia wanaoona haya kitandani: mficha uchi hazai. Hiyo ndiyo nakupa.

Usimwambie kwa simu. Usingoje usiku wala wakati mmeshakumbatiana, maana saa hiyo kusema hapana ni kazi. Chagua mchana, mahali ambapo akitaka kuinuka anaweza kupanda daladala mwenyewe akaenda kwao. Usianze na "nina jambo zito, naomba usinichukie". Utakuwa umemjaza hofu kabla hujampa habari. Sema: "Nilichangia damu, nikapimwa, nina virusi vya homa ya ini B. Vinaambukiza kwa damu na kwa kujamiiana. Chanjo ipo, nami nataka ukapime kabla ya jambo lolote kati yetu." Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu, wakaendelea kumimina maneno mpaka mwenzao akawa yeye ndiye wa kuwabembeleza.

Atakuuliza mbona macho yako meupe, maana watu wetu wakisikia ini hufikiri manjano. Mwambie wengi hawaoni dalili yoyote kwa miaka mingi, na ndiyo sababu utapimwa ini mara kwa mara. Atauliza kuhusu chakula. Kuleni sinia moja, nyweni kikombe kimoja, hapo hapana neno. Wembe, mswaki na mkasi wa kucha, kila mtu na chake: damu iliyokauka huweza kubeba virusi hai kwa siku saba.

Sasa hili lishike sana. Yeye apimwe kwanza, kwani huenda naye anavyo, au aliwahi kuvipata vikaondoka vikamwachia kinga. Akiwa hana hili wala lile, atachomwa sindano ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Mwezi mmoja au miwili baadaye apime kingamwili. Ikifika 10 au zaidi, amekingwa. Mpaka hapo ni kondomu. Hesabu mwenyewe: uchumba wa kwetu, tangu barua hadi mahari na ndoa, mara nyingi huchukua muda kama huo. Ukiupitisha kimya, umemnyima kinga iliyokuwa ikimsubiri, na watoto watakaozaliwa umewaweka hatarini pamoja naye.

Si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa. Ukianzishiwa, huenda ikawa tenofovir, ambayo imo pia katika dawa za kufubaza VVU, na atakayeliona kopo atakisia apendavyo. Mkeo asiwe miongoni mwa wanaokisia. Mwombe habari hii asiitawanye, lakini usimkataze kumwambia mtu mmoja anayemwamini. Naye anahitaji pa kusemea.

Akiomba siku za kufikiri, mpe, na usimpigie kila jioni. Akikataa, usimtume mtu kumlainisha. Sisi wazee hatutakwenda kwao kwa jambo hilo, nimeshawakataza wajomba zako. Utaumia, mjukuu wangu, nami nitaumia pamoja nawe nikiwa bado nipo.

Chanjo ya mtu mzima mara nyingi hulipiwa. Fedha nimemwachia mama yako mdogo, ndani ya bahasha yenye jina lako, zinatosha kipimo cha binti huyo, sindano zote tatu na kipimo cha mwisho. Usizipunguze kwa ajili ya sherehe. Binti huyu akiondoka, zibaki palepale mpaka aje mwingine, naye umwambie vivyo hivyo.

Bibi yako