Nafasi Yake Isichukuliwe

Mwaka jana tulisafiri hadi Keringet, Kuresoi Kusini, kumzuru jamaa yetu mchuma chai aliyepatikana na saratani ya matiti. Tulidhani tutasikia habari za maumivu. Tukasikia habari za kazi. Kwa miezi miwili aliyaficha maradhi yake, akichelea nafasi yake kupewa mwengine.

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Hicho ni kiwango cha chini. Tiba ya saratani haiishi kwa siku 14: dawa za mishipani hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, na mionzi huweza kutolewa siku 5 kwa wiki, wiki baada ya wiki.

Hatimaye alimweleza msimamizi wake. Akahamishiwa kwenye mizani ya kupimia majani, na siku zake za hospitali zikapangwa mapema. Ujira ulipungua, lakini nafasi ilibaki.

Nasi tulio na wasaidizi majumbani na madukani tu waajiri vilevile. Mgonjwa akituamini kwa siri yake, tuitunze, tumwulize ratiba ya tiba, tumhifadhie nafasi yake. Hiyo ni haki yake juu yetu, wala si sadaka. Mola awaponye wagonjwa wetu, amin.