Mwanafunzi Mtu Mzima Naye Huhitaji Dakhalia

Katika kikao cha kamati ya msikiti mwezi uliopita, mjadala mrefu ulihusu nyumba ya waqfu iliyo nyuma ya msikiti wetu. Mfanyabiashara mmoja ameomba kuikodi iwe ghala, na kodi aliyoitaja ni nono. Ombi la pili limetoka kwa vijana wanaosoma shahada ya uzamili, ambao wanataka vyumba vya kuishi. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akauliza, "Hawa ni watu wazima, wengine wana wake zao. Wanashindwaje kujitafutia chumba?"

Sisi tuliokuwa tukiandika kumbukumbu za kikao tuliweka kalamu chini, kwani jibu la swali hilo tulilipata kwa gharama.

Tuliposoma chuo cha Kiislamu tuliishi dakhalia, wanane chumba kimoja. Tuligombania ndoo, tuliamshana kabla ya alfajiri, na tulikula sinia moja. Asiyeonekana kwenye sinia aliulizwa kabla wali haujapoa. Tulipokwenda kusoma uzamili katika chuo kikuu kimoja, tuliambiwa vyumba ni vya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Tukapanga chumba cha uani. Hapakuwa na kengele wala vipindi vya kila siku. Palikuwa na tasnifu, na msimamizi tuliyeonana naye mara moja kwa mwezi. Malaria ilipotulaza, tulikaa ndani siku tatu. Aliyebisha hodi ni mwenye nyumba, aliyefuata kodi yake, na ndiye aliyetupeleka hospitali. Allah amlipe kheri. Tasnifu ilichelewa mwaka mzima, si kwa ugumu wa masomo, bali kwa kukosa mtu wa kutuuliza, "Umefikia wapi?"

Waliotutangulia katika elimu waliliona jambo hili. Madrasa ya Nidhamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1067 na waziri Nidham al-Mulk, ilitumia mapato ya waqfu kuwapa wanafunzi wa fiqhi malazi na posho. Humo ndimo Imam Ghazali alimoanza kusomesha mwaka 1091. Waliosoma fiqhi kwa kiwango hicho hawakuwa watoto, na hata hivyo walijengewa mahali pa kulala.

Huko Marekani, suala hili liliwahi kuwagonganisha wakubwa wa Chuo Kikuu cha Princeton. Rais wa chuo, Woodrow Wilson, alitaka makazi ya wanafunzi wa shahada za juu yawe katikati ya chuo, wachanganyike na wenzao wadogo. Andrew West, mkuu wa masomo hayo, aliyataka yajitenge. Mwaka 1910 wasia wa fedha nyingi ulimpa West ushindi, na makazi yakafunguliwa mwaka 1913, mbali kidogo na majengo mengine. Wilson alikwishaondoka kuingia katika siasa, na mwaka huohuo wa 1913 akawa Rais wa nchi. Katika ugomvi huo sisi tungesimama upande wa Wilson. Anayeandika tasnifu amekwishajitenga vya kutosha, na nyumba yake haifai kumzidishia upweke.

Hatusemi kwamba dakhalia haina kasoro. Ina kelele, ina wavivu wanaowavuta wenzao, na mwenye familia haimfai. Lakini mgonjwa hujulikana siku ileile, na anayesoma sheria hulazimika kumweleza anayesoma kilimo, kwa maneno mepesi, anachokitafuta. Mara nyingi mtu huielewa kazi yake mwenyewe hapo.

Baada ya kuyasema haya, tuliomba hati ya waqfu isomwe. Ilikutwa kwamba marehemu aliyeitoa nyumba aliwataja "wenye kutafuta elimu". Mzee yule alinyamaza kitambo. Kamati ikakubali kuwapa vijana vyumba vinne kwa mwaka mmoja, nasi tukaandika kwamba ukarabati wa choo cha msikiti, uliotegemea kodi ya ghala, utasubiri. Mzee akaongeza sharti moja: chakula cha usiku kisiliwe kila mtu chumbani kwake.

Misikiti iliyo jirani na vyuo nayo izitazame hati zake za waqfu. Huenda mwanafunzi wa jirani amelala siku ya tatu leo, na hakuna aliyebisha hodi.