JINSI MBWA WETU SIMBA ALIVYOPOTEA

Naomba niwasimulie wasomaji jambo lililonipata. Si jambo la kujisifu, maana kosa lilikuwa langu mwenyewe. Lakini nadhani yuko mwenzangu atakayefaidika nalo.

Kwetu ni Mbagala Kuu, wilaya ya Temeke. Nyumba yetu haina ukuta, ina ua wa michongoma tu. Twafuga paka mmoja wa kukamata panya na mbwa mmoja wa kulinda nyumba na kuku. Mbwa huyo jina lake Simba. Ni wa rangi ya kahawia, ana baka jeupe kifuani, na sikio lake la kushoto lina pengo alilolipata katika ugomvi. Kazi ya kumlisha, kumwogesha na kumfungia nalipewa mimi.

Tarehe 31 Desemba iliyopita nilimwogesha Simba asubuhi, nikamvua mkanda wa shingoni nikauanika juani. Baba alipokuwa akitoka kwenda kazini aliniambia, "Mwanangu, leo jua lisizame kabla hujamfungia mbwa bandani. Usiku kutakuwa na fataki." Nikaitika, "Ndiyo, Baba." Jioni wenzangu wakanipitia twende kucheza mpira. Nikamsahau mbwa, nikausahau na mkanda.

Sisi wa Mbagala twajua vizuri maana ya mshindo. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu katika kambi ya jeshi ya hapa lililipuka. Watu walikufa, nyumba zikabomoka, na wengi wakakimbia ovyo bila kujua waendako. Bibi husema siku ile alijikuta mbali na nyumbani, mguu mmoja bila kiatu, wala hakumbuki njia aliyopita. Ikiwa mtu mzima hukimbia hivyo, mnyama asiyejua maana ya fataki afanyeje?

Ilipotimia saa sita ya usiku fataki zikalia kila upande, honi zikapigwa, masufuria yakagongwa. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilipofika uani sikumwona Simba. Niliona pengo katika michongoma, na manyoya machache yamenasa katika miiba.

Siku mbili nilizunguka Kizuiani, Zakhem, mpaka Rangi Tatu, nikiita, "Simba! Simba!" Vijana wa kijiweni wakanijibu kwa sauti moja, "Yanga!" wakacheka sana. Mimi sikuweza kucheka. Nikafahamu kwamba katika mji huu jina hilo lina wenyewe wengi.

Siku ya tatu jirani yetu mmoja, mzee wa heshima ambaye kwa mafundisho ya dini yake hagusi mbwa, alikuja kubisha hodi. Akasema, "Mjukuu wangu, nimetoka Kijichi kumtazama mgonjwa. Nimeona mbwa kama wenu amefungwa mwembeni, na vijana wameshika magongo. Nenda upesi, tena uende na baba yako." Baba akachukua karatasi moja kabatini, tukaondoka mbio.

Huko tulikuta watu wengi. Jioni ya jana yake mtoto wa miaka sita alikuwa ameumwa mguuni na mbwa. Kulikuwa na giza, na hakuna aliyemtambua mbwa yule. Asubuhi walipomwona Simba anazurura bila mkanda, wakamkamata. Nikasema, "Huyu ni wetu." Mama wa mtoto akanitazama, akaniuliza, "Kama ni wenu, mbona hana alama? Na kama ni wenu, kwa nini yuko huku na watoto wangu?" Sikuwa na jibu.

Baba akatoa ile karatasi. Kilikuwa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwenyekiti wa mtaa akakisoma kwa sauti: rangi ya kahawia, baka jeupe kifuani, pengo sikio la kushoto, na tarehe ya chanjo, ambayo ilikuwa haijatimiza mwaka. Magongo yakashuka.

Bwana mifugo akaitwa. Akaamuru Simba afungwe nyumbani siku kumi aangaliwe, maana mbwa anayeuma akiwa na ugonjwa huo huonyesha dalili au hufa katika siku hizo. Mtoto alikuwa ameoshwa jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa robo saa, akapelekwa hospitali kuanza sindano. Haikufaa kungoja, kwa sababu dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno.

Baba hakunipiga. Alimlipia mtoto yule nauli kila siku ya sindano, na kila mara alinichukua nifuatane nao. Mimi ndiye niliyemshika mkono alipokuwa akilia. Simba alimaliza siku kumi mzima, na mtoto akamaliza sindano zake salama. Lakini mpaka leo hakuna ajuaye kama ni Simba aliyemuuma au mbwa mwingine.

Zamani nilidhani mbwa akipotea hasara ni ya mwenyewe peke yake. Sasa najua kuwa mbwa aliyepotea ni hatari kwa watoto wa wenzetu, na wenzetu ni hatari kwake. Kwa hiyo, wasomaji, kwanza mbwa asivuliwe mkanda, na uandikwe namba ya simu ya nyumbani. Pili, achanjwe kila mwaka na cheti kitunzwe. Tatu, siku za fataki na za radi afungiwe mapema. Nne, majirani wamjue, hata wasiopenda mbwa, kwa maana ndio watakaokuletea habari zake. Na paka naye asisahauliwe. Shangazi alipohama Tandika kwenda Chamazi alimfungulia paka wake siku ya pili. Juma lililofuata alionekana juu ya paa la nyumba ya zamani. Mkihama, paka afungiwe ndani majuma mawili au matatu, alishwe humo mpaka azoee.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pengo la michongoma nimeliziba kwa mikono yangu. Lakini mkanda ule, wasomaji, ulikuwa umekauka tangu saa nne asubuhi. Kuuvisha kungalinichukua dakika moja tu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu