Kujihami: Ukumbi wa London, Ua wa Ngamiani

Jumanne ya kwanza nilipoingia kwenye ukumbi wa michezo mashariki mwa London kujifunza kujihami, nilitegemea kufundishwa kupiga. Mwalimu, mama wa makamo mwenye umbo dogo, alitupanga wanawake 14 kwa mistari miwili tukitazamana. Akasema upande mmoja utembee kuelekea wa pili, na wa pili upige kelele pale utakapoona umesogelewa mno. Saa nzima ikaisha kwa kutembea, kusimama na kupiga kelele. Nilirudi kwangu koo limekauka, nikiona fedha yangu imepotea bure. Leo naamini saa ile ilikuwa na faida kuliko zote zilizofuata.

Waingereza wana sababu ya kuanza na sauti. Dawa ya pilipili ya kupuliza machoni, ambayo katika nchi nyingine mwanamke huiweka mkobani bila shida, kule ni silaha iliyopigwa marufuku kwa sheria ya silaha ya mwaka 1968. Anayeshuka kwenye basi la usiku hana alichoshika ila simu na funguo. Kwa hiyo unafundishwa kutumia ulivyozaliwa navyo: koo, viganja, magoti, miguu ya kukimbilia. Na historia wanayo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, wanawake waliodai haki ya kupiga kura walipokuwa wakiburutwa barabarani na polisi, Edith Garrud, mwanamke wa urefu wa sentimita 150 hivi, aliwafundisha jujutsu. Kikosi cha wanawake kilichomlinda kiongozi wao, Emmeline Pankhurst, kilipitia mikononi mwake. Mwalimu wetu alikuwa akimtaja Garrud kwa heshima ile tunayowapa wazee wetu waliotangulia.

Kwetu pwani kupambana kumekuwa kwa wanaume, tena hadharani. Lamu wana kirumbizi, fimbo kwa fimbo, ngoma ikilia. Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa wanaume huchapana kwa migomba na wanawake hupita wakiimba. Mtoto wa kike alifundishwa kuinamisha macho, kunyamaza na kupita upesi. Mimi pia nilifundishwa hivyo, na watu walionipenda.

Desemba nilipokwenda likizo Tanga nilimkuta binti wa shangazi yangu ana vidonda magotini. Vijana wa pikipiki walimpora mkoba, yeye akang'ang'ania, wakamburuta. Akaniambia, "Dada, hebu nifundishe hayo unayojifunza huko." Nikamjibu kwamba mimi si mwalimu. Akasema hataki mwalimu, anataka mtu wa kufanya naye. Jumamosi baada ya alasiri tukawa sita kwenye ua wa shangazi, Ngamiani: yeye, wifi yangu, majirani wawili, binti wa jirani mwenye miaka 16, na mimi. Chini saruji, juu yake mkeka, juu ya mkeka magodoro mawili.

Kabla ya yote niliwaeleza kanuni ya makofi mawili. Ukimgusa mwenzako kwa kofi jepesi mara mbili popote mwilini, au ukisema "basi", anaachia hapo hapo. Haulizi, hamalizii alichokuwa akifanya. Ni kanuni niliyoitoa London, na ndiyo inayowawezesha marafiki kushikana kwa nguvu na kubaki marafiki. Tukavua hereni, tukatoa pini za mitandio, tukakubaliana kwamba shingo haikabwi, na kwamba kila zoezi litafanywa mara kumi polepole kabla ya kufanywa kwa kasi.

Kwa anayeanza, zoezi la kushikwa mkono ndilo jepesi. Mshiko wa mtu una upenyo mmoja, pale kidole gumba kinapokutana na vidole vingine. Usivute kurudi nyuma, maana hapo mtashindana nguvu tu. Geuza mkono mpaka upande wake mwembamba uelekee kwenye upenyo ule, msogelee aliyekushika, kisha kunja kiwiko ghafla kana kwamba unataka kumgonga nacho. Mkono unachomoka. Kisha kimbia. Wifi yangu, mwembamba kama ufito, alichomoka mara tatu mfululizo kwa jirani aliyemzidi mwili maradufu, na uso wake siku ile sitausahau. Kuhusu mkoba ulioleta vidonda vile tulifanya zoezi la jambo moja tu: kuuachia.

Ngumi ya kushuka, inayopigwa kwa upande wa kidole kidogo, London ilituchukua wiki tatu. Pale uani nako tulikuwa tukipiga kwa mkono peke yake, nguvu inaishia begani. Shangazi alikuwa kibarazani akichambua mchele. Akatutazama, akasema, "Mbona mnatwanga kama mnaogopa kinu?" Akainuka, akaupiga mto niliokuwa nimeukumbatia, magoti yamelegea, kiuno kikishuka pamoja na mkono. Nilirudi nyuma hatua mbili. Aliyetwanga tangu utotoni anajua nguvu inatoka wapi, na hakuna aliyewahi kunieleza kwa maneno machache kama yale.

Kilichotushinda ni sauti. Ilipofika zamu ya kuambiana "Ishia hapo!" kila mmoja alifunika mdomo kwa kanga akacheka, au alisema "jamani, niache basi" huku anatabasamu. Nikawaonyesha kwenye simu mabibi wa Korogocho, Nairobi, wa kikundi cha Cucu Jukinge, wanaofanya mazoezi ya kupiga na kupaza sauti uzeeni. Shangazi akaitazama video ile mara mbili. Aliyefuata kupiga ukelele ni yeye, na kuku walitawanyika.

Hapo ikazuka hoja ambayo London sikuwahi kuisikia: tuite nini? Kule unapiga kelele kumshtua adui, na pengine asitokee mtu dirishani. Ngamiani ukipaza sauti mtaa mzima unatoka, na hiyo ni neema ambayo hakuna ada ya darasa inayoweza kuinunua. Lakini mmoja aliposema tuite "Mwizi!" shangazi alikataa katakata. Neno lile kwetu huleta mawe na moto kabla ya swali, na limeua wasio na hatia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 18, inakupa wewe haki ya kujihami. Haiupi mtaa ruhusa ya kuua. Tukachagua "Niache! Simjui! Nisaidieni!" Hilo la katikati lina kazi yake, kwa sababu bila hilo wapita njia husema ni mtu na mkewe, wakaendelea na safari.

Ndipo yule binti wa miaka 16 akauliza, "Na kama ninamjua?"

Ua ukanyamaza. Nafikiri kila mmoja wetu alikuwa na sura ya mtu kichwani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi aliyemfanyia ni mume au mpenzi wake. Hata hivyo darasa langu la London lilitumia muda mwingi kwa mgeni wa gizani. Hapo walimu wangu, niwapendao, nawaona wamekosea.

Tukaacha magodoro tukaingia sebuleni. Mmoja aliigiza mgeni anayeheshimiwa nyumbani, akakaa kwenye kochi karibu mno na kuweka mkono begani au pajani. Zoezi lenyewe halina pigo: unamtazama, unasema "Ondoa mkono wako" kwa sauti ya kusikika hadi uani, unainuka, unakwenda waliko watu, na unamwambia mtu mzima unayemwamini. Binti yule alianza kwa kuomba radhi, kisha kwa kunong'ona. Mpaka alipoweza kulisema akiwa amekaza macho, Jumamosi tatu zilikuwa zimepita.

Mwenye dada, binti au mpwa nyumbani, anza naye hapo, kwenye kochi, kabla ya kutafuta godoro.